Maswali ya Wasomaji: DNA Hujinakili Vipi?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Tumefundishwa kwamba kila DNA mpya ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Hilo lilijulikanaje? Na kwa nini nimekosa alama nilipoandika kwamba matokeo ya kizazi cha kwanza yanatosha kulithibitisha? – Msomaji, Uyole, Mbeya.

Jibu: Aliyesahihisha hakukuonea. Mwaka 1958 Matthew Meselson na Franklin Stahl, wakiwa California, Marekani, walichapisha jaribio lililopambanua nadharia tatu: kwamba DNA ya zamani hubaki nzima na nakala mpya hutengenezwa kando yake, kwamba nyuzi zake mbili huachana, kama doti ya khanga iliyokatwa, kila mmoja akipata mwenzi mpya, au kwamba ya zamani na mpya huchanganyika vipande vipande katika kila uzi.

Waliwakuza bakteria aina ya E. coli kwa vizazi 14 katika chakula chenye naitrojeni-15, ambayo ni nzito kuliko naitrojeni-14 ya kawaida, hadi DNA yao ikawa nzito, kisha wakawahamishia ghafla kwenye ile nyepesi. DNA yao ilitiwa katika maji yenye chumvi ya seziamu kloridi na kuzungushwa mara 44,770 kwa dakika. Wafugaji wa Rungwe walioona mashine ya kutenganisha krimu na maziwa watalielewa wazo hilo, ila hapa chumvi nayo hujipanga, ikikolea zaidi kuelekea upande wa nje, na DNA hutulia pale uzito wake unapolingana na wa maji yanayoizunguka.

Baada ya kizazi kimoja ulionekana mstari mmoja tu wa DNA, katikati ya mahali pa DNA nzito na pa nyepesi. Nadharia ya kwanza ilianguka hapo, maana ingetoa mistari miwili. Ya tatu, hata hivyo, ilikuwa bado imesimama, kwa kuwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu nao ungetulia palepale katikati. Hapo ndipo ulipopoteza alama. Kizazi cha pili kilitoa mistari miwili ya kiasi sawa, mmoja wa kati na mmoja mwepesi kabisa, ilhali mchanganyiko ungetoa mmoja tu uliosogea kuelekea wepesi. Tena, DNA ya kati ilipopashwa moto, iligawanyika ikawa nzito na nyepesi.

Mwaka 1957 J. Herbert Taylor na wenzake walikwisha kuona mpangilio wa namna hiyo katika kromosomu (vibeba-DNA vilivyo ndani ya seli) za ncha za mizizi ya Vicia faba, mmea wa jamii ya maharage, lakini wakati huo haikujulikana kama kromosomu moja ina DNA moja au nyingi.