Ukitaka kazi ya data za afya, anzia kwenye rejista

Vijana wanaomaliza takwimu au afya ya jamii huniuliza swali lilelile: nijifunze programu gani ya kuchambua data? R ni ya bure, Stata inauzwa ghali, shika moja uizoee, basi. Kazi yenyewe haiko hapo.

Hapa Uganda, nenda kwanza kituo cha afya cha ngazi ya tatu, mwezi unapoisha, uombe kukaa karibu na mtunza kumbukumbu anapojumlisha wagonjwa wa nje kutoka kwenye rejista kwenda HMIS 105, fomu ya ripoti ya kila mwezi. Utamwona akichora vijiti vitano vitano kwa kalamu, huku mama mmoja mlangoni akiuliza kama dawa zimefika. Namba hizo ndizo zinazoingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya, na ndizo utakazozipakua Kampala zikiwa safi kama zilizaliwa hivyo.

Angalia malaria. Mwezi ambao vipimo vya haraka vimekwisha, wagonjwa waliothibitishwa hupungua, na mbu wako palepale. Halafu kile kisanduku kitupu: hapakuwa na mgonjwa, au hakuna aliyejaza? DHIS2, isipoelekezwa vinginevyo, haihifadhi sifuri, kwa hiyo hali zote mbili zinakufikia zikiwa tupu. Hapo usikisie. Linganisha na miezi mingine ya kituo hichohicho, kisha mpigie simu afisa takwimu wa wilaya.

Kwa mazoezi, UDHS ya 2016, ule utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, inatosha. Kumbuka tu uzani wa sampuli: safu ya v005, inayoubeba, hugawanywa kwa 1,000,000. Rasimu ninazorudisha, nyingi zimekwama hapo.

Baadaye utatamani data za watu waliofuatiliwa miaka mingi: Kyamulibwa tangu 1989, Rakai tangu 1994, Iganga na Mayuge tangu 2005. Hizo hazipakuliwi tu. Andaa pendekezo, kamati ya maadili, kibali cha UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), na uisome Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kabla hujaulizwa. Ukienda Kyamulibwa, Kiswahili chetu hiki hakitakufikisha mbali. Beba salamu za Kiganda.

Mshahara? Ajira nyingi ni za miradi, na mradi hufa na ufadhili wake. Kabla ya kutia saini, uliza fedha zinaisha mwezi gani, na kama jina lako litaingia kwenye makala au utabaki msafisha data tu. Majibu yote mawili yaandikwe kwenye mkataba.