Amezoea chupa, je, atarudi kwenye titi?

Barua za mwezi huu zinafanana hata mtu angedhani zimetoka nyumba moja. Mama kajifungua, siku za kwanza zikawa ngumu, chupa ikaingia ili mtoto asidhoofike, na sasa vumbi limetua mama anataka kumnyonyesha. Nimezijibu moja baada ya nyingine. Zile ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaacha kwa wenyewe.

Swali: Shikamoo dada mkunga. Mwanangu ana wiki 5. Mwanzoni chuchu zilipasuka nikashindwa kabisa, tukampa chupa. Nimepona na maziwa kidogo bado yapo, lakini nikimweka kwenye titi analia kama nimemfinya. Nimechelewa?

Marahaba, mama. Hujachelewa. Walio chini ya miezi 3 ndio wanaorudi kwa urahisi zaidi, na wako bado yumo humo. Kilio chake pia usikisome vibaya. Chupa ukiiinamisha tu, funda la kwanza limeshaingia mdomoni. Titi lina utaratibu wake: mtoto ananyonya haraka haraka kwanza, mwili wako unatoa homoni iitwayo oksitosini, ndipo maziwa yanashuka, baada ya dakika moja hivi, na mama akiwa na wasiwasi huenda ikazidi. Mwenye njaa aliyezoea chupa dakika hiyo haivumilii. Analilia maziwa, hakulilii wewe.

Fuata mpangilio huu na usiupindue. Kwanza mtoto ashibe, iwe kwa chupa au kikombe. Pili maziwa yako yasikauke, yaani kila anapopewa chupa nawe unakamua. Kunyonya kunakuja nafasi ya tatu. Wengi wanaanzia hapo kwenye la tatu, na ndani ya siku mbili titi limekuwa mahali pa ugomvi.

Siku mbili tatu za mwanzo usitafute kunyonyesha kabisa. Mvue abaki na nepi, nawe vua juu, egemea mito uwe nusu umelala, umlaze kifuani tumbo kwa tumbo, shuka liwafunike wote. Fanya hivyo akiwa hana njaa kali, hasa anapoanza kuamka na macho bado mazito. Utamwona anageuza kichwa huku na huku, anagonga kifua chako kwa kidevu, anatafuta ngumi yake. Akijiburura mwenyewe kuelekea chuchu, mwache aende. Akilamba mara mbili akalala, siku hiyo mmefaulu.

Ukiona ametulia hapo, ndipo ujaribu kumnyonyesha. Mpe mafunda machache ya chupa kupunguza ukali wa njaa, kamua tone likae kwenye chuchu, kisha mhamishe. Ngoja afungue mdomo kama anayepiga mwayo, umlete yeye kwenye titi. Usimwinamie wewe, mgongo utakufa. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje, weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu kuliko chini. Kiganja kikae mabegani, si kisogoni. Mtoto akisukumwa kisogo hujirudisha nyuma, nawe utasema amekataa. Akianza kulia mwondoe, mbembeleze, mpe chupa yake bila kinyongo. Majaribio mafupi matatu kwa siku yanatosha kwa kuanzia.

Halafu kuna lile la kupasuka. Chuchu kwa kawaida hupasuka kwa sababu mtoto alishika ncha tu, na wengine hushindwa kushika vizuri kwa sababu ulimi umebanwa na utando mfupi chini yake. Mpeleke akaangaliwe mdomo, na anayejua amtazame akinyonya tangu anashika hadi anaachia. Sababu ya kwanza ikibaki pale pale, vidonda navyo vitarudi.

Swali: Niliacha kunyonyesha wiki 7 zilizopita, titi ni kavu kabisa. Mtoto ana miezi 3. Kuna mtu ameniambia maziwa yanarudi. Ni kweli?

Ni kweli, ila si kwa kila mtu kwa kiasi kile kile. Kuna wanawake ambao hawakumzaa mtoto waliyemlea na bado walitoa maziwa, kwa sababu titi hufuata zaidi kazi linayopewa kuliko kalenda ya uzazi. Likinyonywa au kukamuliwa mara nyingi, linatengeneza. Maziwa yakikaa ndani muda mrefu, linapunguza.

Kwa hiyo ni mara 8 hadi 12 kwa saa 24, dakika 10 hadi 15 kila titi, mkono au pampu, na usiku usikosekane, maana prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Siku za kwanza utakamua hewa. Kisha tone. Kisha kijiko cha chai kinachokufanya umwite kila mtu nyumbani aje aone. Wengi huona dalili ndani ya wiki moja au mbili, na kiasi cha maana kinaweza kuchukua mwezi au zaidi. Wapo wanaofika kwenye ujazo kamili, wapo wanaoishia nusu.

Akikubali kushika titi hata kama halina kitu, kuna mbinu inayofanya kazi mbili kwa mpigo. Chukua mpira mwembamba wa kulishia, ule unaotumika hospitalini kwa watoto njiti, uwe safi. Ncha moja iingie kwenye kikombe chenye maziwa yake, nyingine ilale sambamba na chuchu, ibandikwe juu ya titi kwa plasta ndogo. Anaposhika chuchu anashika na mpira. Anavuta maziwa ya kikombe huku titi lako likipata amri ya kufanya kazi. Kikombe ukikiinua yanakwenda kasi, ukikishusha yanapungua. Anza juu kidogo asikate tamaa, kisha shusha siku hadi siku. Mara ya kwanza utahitaji mikono minne, na shuka zitalowa. Omba muuguzi akuonyeshe kabla ya kujaribu peke yako.

Jambo moja kabla hujaanza: kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, uliza wabadilishe, vinaweza kupunguza maziwa. Na kama unaishi na virusi vya ukimwi, anza kwa kuzungumza na kliniki inayokupa dawa, si kwa pampu.

Swali: Mimi ni baba. Mke wangu anakamua, anajaribu, analia, anaanza tena. Nikimwambia ampe tu chupa apumzike anakasirika. Nikinyamaza anasema sijali. Nifanye nini?

Osha pampu. Sikutanii. Vifaa vile vinaoshwa mara nane kwa siku, na kila anayekamua anaichukia kazi hiyo kuliko kukamua kwenyewe. Chupa ya usiku mpe wewe huku yeye akikamua, mambo mawili yanaisha kwa nusu saa badala ya saa nzima.

Na umpe kwa namna inayomsaidia mama yake. Mkalishe mtoto karibu wima, chupa ilale karibu usawa wa sakafu, chuchu ya chupa iwe ya kutoa polepole. Mguse mdomo kwayo, ngoja aifungulie mwenyewe. Baada ya mafunda kadhaa shusha kitako cha chupa, maziwa yaondoke kwenye chuchu yake apumue, kisha endelea. Mlo uchukue robo saa au zaidi kidogo. Akizoea kuwa hata chupa ina kusubiri, titi halitamshangaza sana.

Kuhusu maneno, acha kuuliza "yametoka mangapi leo?" Muulize amelala saa ngapi. Ila ukiona huzuni imepita wiki mbili, hataki kumshika mtoto, halali hata mtoto akilala, au anasema mngekuwa salama bila yeye, hapo suala si maziwa tena. Mpeleke akaonwe siku hiyo hiyo.

Swali: Mwanangu, mimi ni bibi wa mtoto. Zamani tulimshindisha mtoto njaa hadi akubali titi, na alikubali. Nyie wa siku hizi mnambembeleza mno.

Shikamoo bibi. Nimeisoma barua yako mara mbili kwa sababu mama yangu mzazi aliniambia maneno hayo hayo. Wa kwanza wangu alianzia chupa. Nami, pamoja na ukunga wangu wote, siku moja nilimnyima chupa tangu asubuhi. Hadi adhuhuri alikuwa ameacha kulia. Nilidhani ametulia. Alikuwa amechoka: mdomo ukishika chuchu unaachia wenyewe, macho yanafunga. Alirudi kwenye titi wiki tatu baadaye, siku ambayo sikuwa hata najaribu, tumelala wote wawili alasiri.

Waliokubali zamani, bibi, mara nyingi mama zao walikuwa na maziwa tele, na mtoto hakuwa amekaa na chupa muda mrefu. Kwa mwenye maziwa machache, njaa inamwondolea mtoto nguvu ile ile anayoihitaji kuvuta. Na nikiwa hapo hapo: kuongeza maji kwenye maziwa ya kopo ili njaa ibaki kidogo ni hatari kubwa zaidi. Chumvi ya mwili inashuka na mtoto anaweza kupata degedege. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye kopo, basi.

Unachoweza kumfanyia mkweo ni kazi ya bibi hasa. Mchukue mjukuu akiwa ameshiba, mwache mama alale.

Swali: Sasa ananyonya karibu kila mara, lakini bado nampa maziwa ya kopo kwa hofu. Nitajuaje anapata, na nipunguzeje?

Sikiliza koo. Mwanzoni ananyonya haraka, kisha inakuwa polepole na nzito: anavuta, kidevu kinashuka, kinatua kidogo, unasikia "kah" laini ya kumeza. Ukisikia hiyo dakika kadhaa mfululizo, anapata. Akichezea tu bila kumeza, minya titi taratibu kwa kiganja ataamka, au mhamishie la pili.

Mizani ndiyo shahidi mkuu. Mtoto wa miezi mitatu ya kwanza huongezeka takriban gramu 20 hadi 30 kwa siku, hivyo mpime kila wiki unapopunguza kopo, mizani ile ile, bila nguo. Nepi zilizolowa ziwe 6 au zaidi kwa siku, mkojo usiwe wa njano iliyokolea.

Kupunguza, toa kama mililita 50 kwenye jumla ya siku nzima, usizitoe kwenye kila mlo. Kaa hapo siku mbili tatu, tazama nepi, kisha toa nyingine. Anza na mlo wa asubuhi, titi likiwa limejaa. Jioni iwe ya mwisho, kwa sababu jioni karibu kila mtoto hana raha na utadhani maziwa yamekwisha. Uzito ukisimama, rudisha ulichotoa mwisho. Nepi zikiwa chache, utosi umebonyea, au analala hadi haamki kula, usingoje siku ya kupima. Kimbia naye hospitali.

Swali: Kuna vidonge vya kuongeza maziwa?

Vipo ambavyo madaktari huandika, na vina madhara yake: domperidone inaweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu, metoclopramide inaweza kuleta huzuni nzito. Usinunue kwa kuambiwa na jirani. Na hata ukiandikiwa, kidonge bila kukamua mara kwa mara hakifanyi lolote.

Swali: Wiki 6 nimejaribu. Ana miezi 4, titi hataki, maziwa yangu nakamua yanampatia kama nusu ya anachokula. Nimechoka. Niache?

Unaweza kuacha, wala sitakuombea msamaha kwa mtu. Ila tenganisha mambo mawili uliyoyafunga pamoja: kuacha kumsukumia titi, na kuacha kukamua. La kwanza liache leo, ukiona vema. La pili lipunguze polepole, ukitoa ukamuaji mmoja kila baada ya siku tatu nne, usije ukapata titi gumu lenye joto na homa.

Ukiamua kuendelea kukamua, hiyo nusu ni maziwa yako halisi. Yanakaa saa 4 mahali pasipo na joto kali, hadi siku 4 kwenye friji. Mpe yako kwanza, kopo lifuate kwenye chupa nyingine. Ukichanganya na akabakiza, unamwaga ya kwako.

Na kwa kuwa uliandika saa tisa usiku, nitakuuliza kitu. Chupa ya saa hiyo anapewa akiwa wapi? Kama analala karibu nawe, usiku wa leo usisubiri aamke kabisa. Akianza kugeuza kichwa tu, kaa naye, taa iwe hafifu, kifua wazi. Asiposhika, chupa iko pembeni, na hakuna aliyelia.