Kijazo cha jino na dawa ya kusukutua

SWALI: Daktari, assalamu alaikum. Mwaka jana nilizibwa jino la mbele kwa kijazo chenye rangi ya jino. Fizi zilipoanza kutoka damu, nilinunua dawa ya kusukutua, na kwa mwezi mzima nimeitumia asubuhi na jioni. Sasa ukingo wa kijazo umeingia rangi ya kahawia. Je, dawa hii inakiharibu?
Msomaji, Majengo, Mombasa

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Kwanza geuza chupa usome maandishi madogo ya nyuma. Ukikuta klorheksidini, rangi hiyo si ajabu, kwani dawa hiyo huigandisha rangi ya chai na ya kahawa chungu juu ya meno, na kijazo kilichopoteza ulaini wake huishika zaidi. Ni dawa nzuri ya fizi, ila kwa kawaida hutolewa kwa wiki mbili hivi, si kwa mwezi.

Ukikuta alkoholi, hilo ni jambo jingine. Kijazo chako ni chembe ndogo mno za kioo zilizoshikanishwa kwa resini, yaani aina ya plastiki, na resini hiyo ndiyo inayolegezwa na alkoholi, hata uso wa kijazo ukapungua ugumu na mng'ao. Majaribio mengi ya maabara hukiloweka kijazo kwa saa nyingi mfululizo, ilhali wewe unasukutua nusu dakika kisha mate yanakiosha, kwa hiyo usihofu kwamba kitakumomonyokea mdomoni. Hata hivyo, maadamu zipo dawa zisizo na alkoholi, sioni haja ya kununua iliyo nayo. (Suala la uhalali wake nawaachia mashekhe.)

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ule ukingo. Pitisha ukucha taratibu: ukikwama, huenda pana mwanya, na jino huweza kuoza upya chini ya kijazo, hasa kwa mtu anayemung'unya mabuyu ya sukari mchana kutwa. Hapo dawa ya kusukutua yenye floridi, madini yanayoimarisha meno, husaidia, lakini usisukutue mara tu baada ya kupiga mswaki, kwa sababu utaiondoa floridi ya dawa ya meno, ambayo ni nyingi zaidi.

Fizi zinazotoka damu mara nyingi zina ukoga uliogandana, nao hauondoki kwa kusukutua. Hukwanguliwa na daktari, ambaye pia ataweza kukisugua kijazo rangi ya juujuu ikatoka. Nenda na chupa yako mkononi.