Maswali ya Wasomaji: Kidepo kwa Gari Lenu Wenyewe

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Mbale. Mwezi Januari tunataka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kidepo, kaskazini-mashariki mwa Uganda, na Prado yetu ya petroli, tupitie Moroto na kurudi kwa njia ya Kitgum. Tunapenda mandhari kuliko kukimbizana na wanyama. Watu wanatutisha kwamba mito ya mchanga huko inameza magari. Tujiandae vipi, na mafuta tubebe kiasi gani? – Msomaji, Mbale

JIBU: Mama, mmechagua mwezi mzuri na njia nzuri kuliko zote. Kutoka Mbale hadi Moroto kupitia Soroti na Katakwi ni lami. Mtapita kando ya Mlima Napak, mabaki ya volkano ya kale yanayosimama peke yake juu ya tambarare. Hapo mwambie mzee apunguze mwendo. Laleni Moroto. Siku inayofuata ondokeni alfajiri, kwa kuwa kutoka hapo hadi Apoka, makao makuu ya hifadhi, kupitia Kotido na Kaabong ni takriban kilomita 250 za barabara ya vumbi, na usiku haifai kabisa kuwa barabarani. Kabla ya kutoka mjini ulizeni polisi hali ya usalama wa njia ya siku hiyo.

Tuhesabu mafuta. Kilomita 250 hadi Apoka, 150 za kuzunguka hifadhini, na kama 140 hadi Kitgum: jumla 540. Kwenye vumbi na mchanga wekeni lita 15 kwa kila kilomita 100, yaani lita 81. Tangi la Prado la lita 87 linatosha kwa shida, nalo halijui mtapotea njia wapi. Jazeni Moroto, kisha ongezeni dumu la chuma la lita 20. La plastiki huvimba kwa joto na kuvuja. Maji ya kunywa ni lita 5 kwa mtu kwa siku, na lita 10 za akiba kwa ajili ya rejeta.

Sasa mchanga, ambao ndio hasa unaowasumbua wageni. Gari halinasi kwa kukosa nguvu. Linanasa kwa sababu tairi lililojaa upepo ni jembamba, hukata mchanga badala ya kupita juu yake. Kwenye vumbi la kawaida shusheni upepo hadi psi 26 (psi ndicho kipimo cha upepo kwenye geji ya tairi). Mkifika mto wenye mchanga mzito shukeni kwanza mtembee kwa miguu. Mguu ukizama hadi kifundo, shusheni hadi psi 18. Ingizeni gia nzito ya 4x4 (low range) mkiwa bado kwenye ardhi ngumu, mwende namba 2 kwa mwendo mmoja, bila breki, bila kukata kona kali, maana kwa upepo huo tairi huweza kuchomoka kwenye rimu.

Gari likigoma, acheni kukanyaga mafuta mara moja. Kila mzunguko wa tairi unachimba kaburi. Fukueni mchanga mbele ya magurudumu na chini ya tumbo la gari, tandikeni mbao mbili za mita 1, au rudini nyuma kwa njia mliyojia. Msitandike matawi ya mgunga: miiba yake hupenya mpira, na tundu la ubavuni halizibiki kwa kiraka cha fundi wa njiani. Kwa hiyo spea ziwe mbili. Chini ya jeki wekeni ubao mpana, la sivyo jeki yenyewe itazama.

Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka mtoni hata kama juu yenu ni jua. Msipumzike wala kupiga picha katikati ya mto.

Ndani ya hifadhi, wakati wa kiangazi maji hubaki bonde la Narus, na wanyama wako huko. Lakini kwa mnachokipenda nyinyi, ombeni askari wa hifadhi awapeleke bonde la Kidepo: mto mpana wa mchanga mtupu, mivumo mirefu kingoni, na mbele yake chemchemi za maji moto za Kanangorok karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Nendeni asubuhi mapema, mchanga ukiwa bado baridi. Ukipata joto hulegea.

Mkirudi, jazeni upepo kabla ya kukanyaga lami na mkaze nati zote za magurudumu. Mtikisiko wa zile njia hulegeza hata zilizokazwa na fundi hodari.