Kuzamia Kivu: je, vyombo vyote lazima vifanane?

Ndugu wa Bukavu, unauliza kama ninyi wanne mnunue vyombo vya aina moja tupu, vile mwalimu wenu anavyosisitiza. Mimi niko Goma. Kuzamia nilijifunza Zanzibar, na karibu vyombo vyangu vyote nilivipata kwa wazungu wa mashirika waliokuwa wanafunga mizigo kurudi kwao. Kwa hiyo mchanganyiko naujua.

Mapezi, miwani, suti: kila mtu na mwili wake. Msipoteze pesa hapo.

Kilichonitisha mimi ni geji, kile kipimo cha hewa iliyobaki mtungini. Tulikuwa mita 14 chini, nikamuuliza mwenzangu kwa mkono amebakiza hewa kiasi gani. Akanionyesha tisa. Mimi geji yangu husoma shinikizo kwa bar, nikaelewa bar 90, tukaendelea kuzunguka mawe bila haraka. Kumbe yake ilikuwa ya psi, kipimo kingine cha shinikizo, na ile tisa ilikuwa psi 900, yaani bar 62 hivi. Tulipotoka juu mtungi wake ulikuwa unakaribia kukauka, na yeye anashangaa kwa nini nilikuwa natembea tu. Tangu siku ile geji ya psi haishuki majini na mimi, hata mtu aape kwamba ameizoea.

Mdomo wa mtungi nao uangalieni kabla ya kulipa. Regileta yangu, kile chombo cha kupumulia kinachofungwa mtungini, ni ya aina ya DIN, inaingia kwa kuzungushwa kama skrubu; mitungi ya wenzangu ni ya etrie, ya kubanwa kwa juu. Adapta ndogo inamaliza ugomvi huo. Lakini kwenye etrie oringi, kile kimpira cha kuziba hewa, inakaa kwenye mtungi, kwenye DIN inakaa kwenye regileta. Mimi nilibeba oringi za akiba zisizofaa mpaka kisiwa cha Idjwi, tukarudi bila kulowa.

Mtindo wa timu nzima kuvaa sawasawa, mpaka bomba refu la hewa la mita 2, ulikomazwa na wazamiaji wa mapango ya Florida. Mle ndani huwezi kupanda juu ukitaka. Ninyi mtakuwa ziwani, mbingu iko wazi. Inatosha kila mmoja ashike kwa mkono wake jaketi la mwenzake, mkanda wa risasi (ule uzito wa kuzamisha) na kipumulio cha akiba, hapo hapo ufukweni, kabla ya kuingia.

Ila kile chuma cha regileta kinachokaa mtungini, hicho nunueni cha aina moja. Zanzibar fundi yuko karibu na maji. Mimi hapa vipuri hunijia kwenye begi la msafiri, na mkiwa na aina moja, pakiti moja ya akiba inawafaa wote wanne.

Halafu kuna jambo sikuliona kwenye swali lako. Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na kompyuta nyingine za zamani za kuzamia, zile zinazohesabu muda salama wa kukaa chini, hazijui hivyo mpaka uzipange mwenyewe. Zenu ni za aina gani?