Kabla Hujauliza Ukate Wapi, Sema Kegi ni ya Nani

Vijana wapya mna mtindo mmoja unaochosha. Picha inaletwa: kegi ya lita 50, lile pipa la bia la stenlesi, imelazwa juu ya bodaboda, imefungwa kwa mipira, nyuma yaonekana Makupa, hapa Mombasa. Swali: "Wakubwa, nikate wapi nipate sufuria ya kupikia?" Hakuna anayeanza na swali lenyewe, kwamba kegi hiyo ni ya nani. Basi tuandike mara moja, ili mkiuliza tena tuwe na haki ya kufoka.

1. Dipoziti si bei. Hapa ndipo wanapozama wengi, na wakongwe kadhaa wamezama papa hapa ila hawapendi kukumbushwa.

Mambo ya chupa ya soda mnayajua. Unaacha pesa ya chupa dukani, ukiirudisha unapewa pesa yako, na hakuna anayetoka pale akijiona amenunua chupa. Lakini chombo kikiwa cha stenlesi, kizito, kinang'aa, akili inahama: "Nimemlipa mwenye baa, nimemalizana naye." Umemalizana naye kwa mali ya nani? Kegi inatoka kiwandani, inapita kwa msambazaji, inafika baa, inarudi tupu, inabadilishwa na iliyojaa. Safari yote hiyo mwenyewe ni kiwanda. Mwenye baa ameazimwa. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, haimruhusu mtu kukuhamishia mali asiyokuwa nayo, hata ukilipa shilingi kwa shilingi mbele ya mashahidi kumi. Kiwanda kikija kudai chombo chake, utakirudisha, na pesa yako utaitafuta kwa aliyekuuzia, ambaye siku hiyo simu yake haitapatikana.

Kisha linakuja kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Kijana anafika nyumbani, anaigeuza kegi kwenye mwanga, anaona kwenye ukingo wa juu maandishi yaliyogongwa: jina la kiwanda, kwamba ni mali yake, na namba ya chombo. Badala ya kurudisha, anachukua grinda. Jamani! Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kupokea mali ya wizi, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Jambo linalotazamwa ni kama ulijua, au ulikuwa na sababu ya kuamini, kwamba mali ni ya wizi. Mtu aliyekuta jina la mwenyewe akalisaga anaweza kueleza nini? Hapo awali ungeweza kusema umedanganywa. Sasa kovu la grinda linasema kwa niaba yako. Na fundi wa jua kali uliyempelekea kazi hiyo umemtia naye kwenye chungu kimoja.

Kwa hiyo kegi isiyo na maandishi, yenye ukingo uliosagwa au kupigwa rangi nzito, iache hapo hapo, hata ikiwa bei ni ya kutupa. Hasa ikiwa bei ni ya kutupa.

2. Ya halali inapatikana, ila kwa karatasi. Mwandikie mwenye kegi, yaani kiwanda, ueleze unataka chombo kilichotolewa kazini: kilichobonyea, kilichopasuka shingo. Kwako wewe bonyeo si hoja, unataka sufuria. Omba barua ya kuachiliwa yenye namba ya chombo. Bila namba, barua hiyo itatumika kwa kegi yoyote duniani. Njia ya pili ni mfanyabiashara wa vyuma chakavu mwenye leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Muulize alikipata wapi na akuonyeshe karatasi ya huko. Mwenye mkokoteni wa soko la Kongowea hana karatasi hizo, usimsumbue. Njia ya tatu ni minada ya forodha ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya: vyombo vya stenlesi vikijitokeza, unatoka na risiti ya serikali. Mnada wa vyombo vya hoteli au baa iliyofungwa ni jambo jingine. Kegi iliyokutwa stoo haigeuki kuwa mali ya hoteli kwa sababu dalali amegonga nyundo.

Na mnaotaka kupika pombe: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inadai leseni kwa anayetengeneza, si kwa anayeuza peke yake. Malizeni hilo kwanza, au pikeni tangawizi.

3. Toa hewa kabla ya yote. Kegi tupu si tupu, ina gesi. Isimamishe nje, funika shingo kwa tambara zito, uso kando, bonyeza vali kwa bisibisi mpaka mlio uishe, ubonyeze tena. Ndipo utoe ringi ya shingoni, ndipo uvute mshale, yaani bomba refu la ndani linalopitisha bia. Mshale unaorushwa na gesi umeua watu, huu si utani wa kutishia watoto. Shingo nyingine zina mshale wa kufunguliwa kwa kifaa maalumu. Ukiona haitoki, nyundo si jibu.

4. Jaribu kwa sumaku. Stenlesi ya kegi haishiki, au inashika kidogo tu kwenye mshono. Sumaku haishiki alumini pia, basi pima kwa mkono: alumini ni nyepesi mno. Kegi iliyovikwa mpira au plastiki haipandi motoni.

5. Nunua kifuniko kwanza, halafu kata juu ya kegi tundu dogo kuliko kifuniko kwa sentimita 2. Diski ya milimita 1, mpya, ya stenlesi. Diski iliyokata nondo jana inaacha unga wa chuma, na kwa hewa hii ya chumvi tunayoishi nayo utaona kutu upesi, kisha utamlaumu aliyekuuzia kegi.

6. Bomba la kufungulia, la nusu inchi, linataka tundu la milimita 21. Toboa pale ubavu uliponyooka. Kwenye kona iliyopinda oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, haikai na utavuja maisha yako yote. Viungo vya mabati hapana, zinki inayeyuka kwenye kitu chenye uchachu.

7. Meko ya mtungi wa kilo 6 si ya kazi hii. Kegi kavu inapita kilo 10, weka lita 40 za maji, unapata zaidi ya kilo 50 zimekaa juu ya mtungi wa gesi. Na hata isipoanguka, utangoja zaidi ya saa 2 ichemke. Nunua jiko la chini la chuma lenye miguu mipana. Usijaze zaidi ya lita 40, povu linataka nafasi.

8. Jik, dawa ya kung'arisha nguo, hapana. Klorini inatoboa stenlesi vidoa vidoa. Osha kwa magadi ya kufulia na maji moto, suuza, malizia kwa asidi ya sitriki, suuza tena.

Na kama yote haya yamekuchosha, zunguka Nyali, Bamburi na Shanzu uulize hoteli inayobadilisha vyombo vya jikoni. Sufuria lao la lita 50 halina mshale wala gesi, mdomo umeshakatwa, na mwenye kuliuza ndiye mwenye mali.