Sikio la kulia la uzao, la kushoto la mtoto

Ndugu wa Ganda, Malindi, nimekuelewa: watoto 8 wa nguruwe wamezaliwa juzi, unataka kuwasajili kwa kukata mapengo ya namba masikioni, na kila unayemuuliza anakutajia sikio tofauti.

Sikio la kulia la nguruwe mwenyewe (si kulia kwako ukimtazama usoni, hapo ndipo wengi huharibu) hubeba namba ya uzao, yaani watoto wote waliozaliwa pamoja. La kushoto, namba ya mtoto. Ukingo wa chini, pengo karibu na ncha ni 1, karibu na kichwa 3. Ukingo wa juu, karibu na ncha 9, karibu na kichwa 27. Nchani kabisa, kulia tu, ni 81. Kisha unajumlisha. Uzao wa 13, mtoto wa 5: kulia 9+3+1, kushoto 3+1+1. Mahali pamoja mapengo yasizidi mawili. 81 ni moja tu.

Waulize kwanza Kenya Stud Book, wanaosajili ukoo wa mifugo, masharti yao, kisha kata leo. Safisha koleo kwa dawa ya viini kila mtoto. Acha kama milimita 6 kati ya mapengo. Pengo dogo mno huziba, halisomeki tena. Andika papo hapo tarehe, jinsia, mama na baba, maana alama bila karatasi za wazazi haithibitishi ukoo.

Malindi nzi hawana likizo: sikio likivimba au kutoa usaha, mwite daktari wa mifugo.